Muuza Miaka wa Majengo

Idrisi aliiona bahati yake akiwa ameachama kinywa.

Ilikuwa Julai ya mwaka 1956, mwezi wa ukungu, naye alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao katika hospitali ndogo ya serikali nje kidogo ya mji wa Embu, koleo limeshika gego lake la nyuma. Mwenye koleo alikuwa Kithaka, dresa wa pale, mtu aliyefunga vidonda na kung'oa meno tangu enzi za nzige. Kithaka alikuwa na tabia ya kulalamika anapong'oa. Alisema ilimpa nguvu za kuvuta.

"Wamebandika karatasi ukutani," alisema, akivuta. "Mfanyakazi wa afya akifika miaka hamsini na tano, na ametumika ishirini, atapewa pensheni. Kila mwezi. Mpaka afe. Mpaka afe, unasikia?"

"Aaa," alisema Idrisi.

"Sasa mimi nina miaka mingapi? Faili inasema arobaini na tisa. Nani aliandika? Daktari wa zamani. Alinifungua mdomo hivi hivi, akatazama meno, akaandika. Mimi ni ng'ombe?"

Jino likatoka. Kithaka alilitazama bila furaha, akalitupa ndooni.

"Wanataka ushahidi. Kitabu cha kuzaliwa. Siku nazaliwa mimi, nani kule kwetu alikuwa na kitabu?"

Idrisi alitema damu kwenye beseni, akajifuta kwa leso yake nyeupe, kisha akaisoma ile karatasi ukutani mara mbili, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Shavu lilikuwa limevimba, lakini macho yalikuwa mazima.

"Kitabu cha kuzaliwa," alisema kwa upande mmoja wa mdomo. "Mbona kipo?"

Ni haki msomaji ajulishwe Idrisi alikuwa nani. Alikuwa mtoto wa Majengo ya Embu, mwana wa marehemu Kuruthumu muuza maandazi, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye kanzu safi, koti la kijivu na kofia iliyodariziwa kwa mkono. Aliwahi kumuuza mbuzi mmoja kwa watu watatu siku moja, na wote watatu waliendelea kumsalimu. Hali ya Hatari, ile ya kuwasaka wapiganaji wa msituni, iliyowafungia wengine vijijini na kuwadai barua ya ruhusa hata kwa safari ya kumzika shangazi, yeye haikumgusa sana. Askari wa vizuizini waliiona ile kofia, wakasema, "Huyu ni Mswahili wa mjini," wakamwacha apite. Katika nchi ambamo kila mtu amesimamishwa, anayetembea ni tajiri, na Idrisi alikuwa akingoja tu kujua utajiri huo uko upande gani.

Siku mbili baadaye alirudi hospitalini na Kitabu cha Umri.

Kilikuwa daftari kubwa la mfanyabiashara mmoja wa Meru aliyefunga duka na kurudi kwao. Idrisi alikuwa amezing'oa kurasa za sukari na mafuta ya taa, akazipaka zilizobaki chai ya rangi, akaziweka juu ya moshi wa jiko hadi zikapata sura ya huzuni. Alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba marehemu babu yake alikuwa karani wa msafara wa kwanza wa serikali kufika Embu, na kwamba aliandika kila mtoto aliyezaliwa kutoka Manyatta hadi tambarare za Mbeere. Majina mengine, alisema, yalikuwa yamefifia kwa unyevu. Angeweza kuyakoleza. Wino ulikuwa ghali. Mwaka mmoja, shilingi mbili.

Katika kila ukurasa alichora safu tatu: jina, mwaka wa kuzaliwa, shilingi. Safu ya tatu haikuwa na kazi yoyote. Lakini Idrisi aliwajua watu wake. Hawakuwahi kuona karatasi ya serikali isiyo na safu ya shilingi, na kitabu kisichokuwa nayo wangekitilia shaka. Na kwenye ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa madaha, aliandika: *Msimamizi, Idrisi bin Ali, Majengo*, akatia saini yenye mkia mrefu.

Kithaka alinunua miaka sita, akafika hamsini na tano, akatoka akitembea taratibu kidogo kuliko alivyoingia.

Munyi, mpishi wa hospitali, aliyekuwa na hamsini kwenye faili, alinunua mitano. Biashara ingeishia hapo kwa amani, kila mtu na pensheni yake. Lakini Idrisi, ambaye mzee wake alitoka Pwani na mama yake kila mahali, hakujua jambo ambalo kila mtu katika hospitali ile alilijua tangu utotoni: Munyi alitahiriwa misimu miwili kabla ya Kithaka. Rika lake lilikuwa rika la wakubwa. Kwenye karamu, Munyi ndiye aliyepewa nyama ya mkubwa, na Kithaka alingoja.

Mchana ule Kithaka aliingia jikoni akakaa kwenye kigoda cha Munyi.

"Hicho ni changu," alisema Munyi.

"Kilikuwa," alisema Kithaka. "Sasa sisi ni hamsini na tano kwa hamsini na tano. Hebu nipakulie kwanza, mwenzangu."

Munyi aliweka mwiko chini. Jioni haijaingia, alikuwa kwa Idrisi akinunua miaka mingine minne.

Basi ndipo mambo yakaanza. Ngari, dereva wa ambulensi, alikuwa ametahiriwa pamoja na Kithaka, asubuhi moja, mtoni, na watu wa namna hiyo hawapitani hata kwa wiki moja. Lakini Ngari, kwa kuwa Munyi alikuwa amefika hamsini na tisa na yeye hakutaka kuachwa nyuma sana, aliruka hadi hamsini na saba. Kithaka akaona aibu, akalipia miwili. Munyi akasikia hatua zao nyuma yake, akaenda sitini na tatu. Mfagiaji akataka kuwa mkubwa wa mfua nguo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mfua nguo akakataa kwa sababu alikuwa na pesa. Watu waliokuwa vijana wa kubeba machela walianza kukohoa. Katika majuma mawili hospitali ile ilizeeka kwa miaka mia tatu na kumi na miwili, na hakuna ugonjwa wowote uliowahi kufanya kazi kwa kasi hiyo.

Munyi aliishia sitini na minane. Alhamisi moja baba yake, aliyeandikwa misheni kuwa na sitini na sita, alimletea viazi vitamu kutoka Manyatta, akakuta mwanawe amekaa hainuki kumpokea.

"Huamki?" aliuliza mzee.

"Baba," alisema Munyi kwa upole, "kwa kitabu, wewe ndiwe ungeamka."

Mzee alirudi na viazi vyake.

Idrisi alishuhudia yote hayo kwa uso wa mtu anayesikitika. Chini ya kitanda chake Majengo palikuwa na mkebe wa biskuti wenye shilingi mia sita ishirini na nne, nyingi zikiwa sarafu. Alikuwa amebakiza mteja mmoja tu ambaye hajanunua hata mwezi.

Huyo alikuwa Jedidah, mhudumu wa wodi ya wanawake, aliyeitwa na wote Mama Njagi. Idrisi alimkuta nyuma ya jengo, kwenye kamba za kuanikia, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiviringisha bandeji zilizofuliwa. Aliziviringisha kwa vidole, bila kutazama. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, na kijua chembamba kilikuwa kinajaribu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Ni wewe muuza miaka."

"Ni mimi karani wa umri, Mama."

"Mm."

"Nasikia faili yako inasema arobaini na saba. Daktari yule hakuwa mtu wa haki. Mimi kwa uso wako huu nakuona hamsini na kitu. Miaka minane tu, Mama, na kwako nitapunguza bei."

Jedidah alimaliza bandeji, akaiweka kikapuni, akachukua nyingine.

"Miaka ninayo," alisema. "Hamsini na saba, na kila mmoja niliufanyia kazi. Ninachokosa ni mtu wa kuishuhudia."

Akaeleza, kwa sauti ile ile ya kuviringishia bandeji. Macho yalikuwa yanaingia kiza. Mwezi uliopita alimpa mgonjwa chupa isiyo yake. Aliigundua kabla haijafunguliwa, lakini Sista mpya aliona. Mwisho wa mwezi huu angeachishwa. Mtu wa hamsini na tano akiachishwa, anapewa pensheni. Mtu wa arobaini na saba akiachishwa, anapewa kwaheri. Njagi, kifungua mimba wake, alikuwa amefungwa kambini mwaka wa tatu na hakuna aliyesema atarudi lini. Watoto wake wawili walikula kwa mshahara wa bibi yao. Aliyeweza kushuhudia umri wake ni mmoja tu, mkunga aliyemzalisha Njagi mwaka wa vita vya wapagazi, naye alihamia Majengo ya Meru zamani na miguu imekufa.

"Pole, Mama," alisema Idrisi. Kwa muda mfupi alimaanisha, na jambo hilo lilimsumbua. "Sasa hiyo minane..."

"Lete hicho kitabu nikione."

Alikishika karibu sana na uso, akasoma kama watu wa misheni wanavyosoma, neno kwa neno, kidole kikifuata.

"Kithaka, shilingi thelathini. Munyi, thelathini na sita. Ngari, thelathini na nne." Akageuza kurasa. "Majina thelathini na moja. Kila jina na pesa zake. Zimekusanywa kimya kimya, bila risiti. Na hapa mwanzo kuna msimamizi." Akakifunga. "Wewe ni mtoto wa mjini. Kitabu cha namna hii siku hizi kinaitwaje?"

Idrisi alinyosha mkono kukichukua. Kijua kilikuwa kimetoka, lakini alihisi baridi ya mlimani Timau ikimshuka mgongoni.

"Kinaitwa," alisema Jedidah, akimsaidia, "daftari la michango ya watu wa msituni."

"Mama! Mimi? Hii ni miaka tu!"

"Nitawaambia hivyo, kama wataniuliza mimi. Huyo mweka hazina huwa wanamnyonga kwanza, au wanamuuliza kwanza?"

"Wanamuuliza kwanza," alisema Idrisi kwa sauti ambayo haikuwa yake.

"Afadhali." Akachukua bandeji nyingine. "Sista ametuambia tuandae vitanda. Nasikia kesho asubuhi kuna msako Majengo, nyumba kwa nyumba."

Mtu aliyeishi kwa kuwadanganya wengine hufikiri haraka, na Idrisi alifikiri njia nne kwa pumzi moja.

"Nitakitupa chooni."

"Huko ndiko wanakoanza."

"Nitakichoma."

"Majengo nzima itaona moshi, na kitabu kinene kama hicho kinaungua siku mbili."

"Nitapanda basi sasa hivi."

"Na mkebe wa sarafu? Kizuizini watakuuliza umeuza nini. Utasema umeuza nini?"

Njia ya nne ilikuwa kulia, na hakuitumia kwa kuwa Jedidah asingeiona vizuri.

Mama yule aliweka bandeji kikapuni bila haraka. Hospitali, alisema, ina tanuri la kuchomea vitu vichafu. Huchoma chochote, na hakuna mtu aliyewahi kusogea kutazama ni nini. Hospitali pia ina ambulensi, inayokwenda Meru kila Ijumaa. Nyuma hubeba mashuka ya wodi ya kifua kikuu. Homgadi wa kizuizini akiyaona mashuka hayo hufunga mlango mwenyewe na kusema pita, pita. Mkebe wa biskuti ungelala chini yake kama mtoto.

Idrisi alimkazia macho. Alikuwa mwizi mwenye uzoefu, na swali alilijua.

"Na wewe unataka nini?"

Jedidah akatoa karatasi kifuani, imekunjwa mara nne. Ilikuwa fomu ya pensheni. "Ngari ruhusa yake ni hospitali mpaka hospitali, akiweka mguu sokoni ni kosa. Mimi sipewi barua ya kutoka. Wewe unapita. Mpeleke Mwanamisi mkunga kwa afisa wa pensheni pale Meru, atie kidole mbele yake, fomu ipigwe muhuri. Ukimwonyesha Ngari risiti yenye muhuri, atakupa mkebe. Bila risiti, mkebe unarudi Embu."

Idrisi akashusha pumzi. Asiyetaka kitu ndiye wa kuogopwa. Huyu alitaka kitu, kwa hiyo alikuwa salama. Alifanya hesabu yake. Safari moja, bibi mmoja, kidole kimoja. Saa nane mchana alirudi na mkebe ndani ya mfuko wa mkaa, akaukabidhi pamoja na kitabu, na hata akambusu mkono Mama Njagi kwa heshima.

Asubuhi iliyofuata alipanda basi. Kwenye kizuizi cha kwanza homgadi wawili walikuwa wanachoma mahindi.

"Leo mna kazi," Idrisi alisema, akijaribu kuwa mwepesi. "Msako wa Majengo."

"Msako?" alisema mmoja, akigeuza hindi. "Hakuna msako tulioambiwa. Leo tunapumzika. Pita, Mswahili."

Idrisi alikaa chini polepole. Basi lilipita Chuka, likavuka mito mingi yenye maji ya baridi, naye hakuona hata mmoja. Aligeuza jambo lile huku na huku. Lakini mkebe ulikuwa kwenye ambulensi, ambulensi ilikuwa njiani kwenda Meru, na ufunguo wa mkebe ulikuwa fomu iliyokuwa mfukoni mwake. Hakukuwa na njia nyingine ila mbele.

Mwanamisi alikuwa amekaa barazani kwake Majengo ya Meru, amefunika miguu kwa kanga mbili, anachambua mchele. Jirani yake bucha alikuwa akikata nyama na kusikiliza kila neno, kama mabucha wafanyavyo.

"Hodi, Bibi. Natoka ofisi kuu ya Nairobi," alianza Idrisi, na sauti yake ya kazini. "Umechaguliwa, kati ya wakunga wote wa mkoa..."

"Wewe si mtoto wa Kuruthumu?"

Idrisi akavua kofia.

"Maandazi. Embu. Nilikukata kitovu kwa mkono huu. Ulizaliwa ukipiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Endelea, uko ofisi kuu ya Nairobi."

Bucha alicheka hadi akaacha kisu.

"Bibi, kuna zawadi ya..."

"Hapana."

"Kuna sheria mpya kwamba wazee wote..."

"Hapana. Kidole changu nilikitoa kwa serikali mara moja, wakaja kunidai kodi ya nyumba ambayo sina. Sitoi tena. Kaa unichambulie mchele, au nenda."

Idrisi akakaa. Alichambua mchele. Uongo wote aliokuwa nao aliupitia moyoni, mmoja mmoja, na kila mmoja aliona yule bibi ameshaujua tangu siku ya kitovu. Mwisho, kwa kuwa hakubakiwa na kitu kingine, alisema ukweli. Alisema kuna mama mmoja Embu ameviringisha bandeji miaka ishirini na sita. Macho yake yanazima. Mwanawe yuko kambini na wajukuu wawili wako kwake. Mwisho wa mwezi atatolewa mikono mitupu kwa sababu daktari mmoja alimtazama meno. Anaitwa Jedidah.

Maneno yalitoka wazi, bila mapambo, na yeye mwenyewe aliyashangaa. Hayakuwa mazuri. Lakini Mwanamisi aliweka ungo chini.

"Jedidah wa mtoto aliyetanguliza miguu?"

"Sijui, Bibi. Mtoto anaitwa Njagi."

"Ndiye. Usiku kucha. Yule msichana hakulia hata mara moja, alining'ata tu hapa." Akaonyesha alama mkononi, ndogo, nyeupe. "Mbona hukusema hivyo tangu ulipoingia? Niinue."

Hakuweza kutembea. Idrisi, mwenye kanzu safi, alimbeba mgongoni kupitia soko la Meru, kati ya wauza ndizi na wauza miraa, na bibi akasalimia kila mtu kutoka juu kama gavana.

Afisa wa pensheni alikuwa Kiambi, Mmeru mwembamba mwenye miwani, aliyeletewa mwezi huo fomu sabini na mbili. Alikuwa amechoka.

"Mashahidi wote," alisema, "wanaapa kwamba kila mtu alizaliwa mwaka mmoja. Nchi nzima ilizaliwa siku moja, hospitali zikajengwa kesho yake. Haya, Bibi. Umemjuaje huyu?"

Mwanamisi alisema. Wapagazi walikuwa wanapelekwa vitani kwa Mdachi, mumewe Jedidah akiwa mmoja wao. Mvua zilikataa. Mtoto alitanguliza miguu. Mama alikuwa msichana wa kutosha kuolewa, si zaidi. Kumi na nane. Kisha akavuta mkono wa nguo na kuweka ile alama mezani, mbele ya wino.

Kiambi aliitazama alama, akamtazama bibi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hii," alisema, "ni fomu ya kwanza mwezi huu ambayo sina swali nayo." Bibi akatia kidole, naye akapiga muhuri, pu, akaandika risiti. "Na wewe? Ni nani wake?"

Majibu manne yalimjia Idrisi, yote mazuri.

"Mjumbe tu," alisema.

Alimrudisha bibi barazani kwake, akamfunika miguu, kisha akakaza mwendo hadi hospitali ya Meru. Ngari alikuwa ameegesha chini ya mikalitusi, anakula ndizi. Alisoma risiti pande zote mbili. Aligusa muhuri kwa kidole. Uso wake ulifunguka wote kwa mara moja.

"Amepata!" alisema. "Mama Njagi amepata!" Akafungua mlango wa nyuma, akavuta mashuka, akamkabidhi mkebe. "Chukua, mzee."

"Mzee?"

"Pole. Nimezoea. Majuma mawili sote tulikuwa wazee."

Mkebe ulikuwa mzito inavyotakiwa. Idrisi aliupeleka nyuma ya ukuta, akachutama, akafungua kifuniko.

Juu palikuwa na bandeji, safi, zimeviringishwa sawasawa, safu kwa safu. Chini yake palikuwa na kokoto za mtoni zilizooshwa. Katikati, shilingi tano na karatasi yenye herufi kubwa za mtu asiyeona vizuri:

*Idrisi. Pesa zimerudi kwa wenyewe, kila mmoja ametia kidole. Munyi amekwenda kumwomba baba yake msamaha, na mzee amekubali kwa mbuzi. Kitabu kimeungua vizuri, ila ukurasa wa kwanza, ule wa msimamizi na saini, ulikuwa mbichi. Nimeuweka pahali pakavu. Bandeji ni za hospitali ya Meru, wanazingoja, tafadhali ziingize ndani. Shilingi tano ni haki ya mjumbe. Ahsante, mwanangu. Jedidah.*

Alisoma mara tatu. Alitafuta hasira na kuipata, lakini ilikuwa ndogo kuliko alivyotarajia, na ilikuwa imechanganyika na kitu kama ile heshima ambayo fundi humpa fundi. Kwenda polisi hakungefaa; angewaeleza nini? Kurudi Embu hakungefaa pia, maana palikuwa na karatasi pahali pakavu. Alitupa kokoto, akabeba bandeji, akaingia.

Kwenye dirisha la bohari alikaa msichana aitwaye Kawira, kalamu sikioni. Alizihesabu bandeji, akasifu zilivyoviringishwa, akamwandikia hati ya kupokea. Nyuma yake ukutani palikuwa na ile karatasi ile ile ya pensheni, na pembeni yake nyingine mpya: anatakiwa mhudumu wa wodi.

Idrisi alisimama pale muda mrefu kuliko hati ilivyohitaji.

"Dada," alisema, "mtu akianza leo, hiyo pensheni anaifikia lini?"

"Inategemea," alisema Kawira, akivuta fomu na kuchovya kalamu kwenye wino. "Umezaliwa mwaka gani?"

Mtu aliyekuwa ameuza miaka mia tatu na kumi na miwili alitazama dari. Alitazama mikono yake, kisha kofia yake. Aligundua kwamba, katika miaka yote aliyowahi kuishika, wake mwenyewe hakuwahi kuuona.

"Ningoje kidogo," alisema, akigeuka kuelekea Majengo. "Nina shahidi."